Uliza Mjomba: Yule bondia mrefu wa Kyiv, funguo za jiji anazo nani?

Haya wapendwa, wiki hii nimefungua meseji nikashangaa, nilidhani ni zile za kawaida za ligi na nani kamuuza nani, kumbe kama 20 hivi zinaulizia mtu mmoja, yule jamaa mrefu wa Ukraine anayeonekana kwenye habari amevaa koti anatembea kwenye vifusi usiku. Sijui ni vidio gani imezunguka huko kwenye simu zenu. Basi nimeamua ukurasa wote leo uwe wake, maswali ya mpira yangoje. Mambo ya ndondi nayajua kidogo, ujana wangu nilivaa glovu pale Lugogo, mapambano 7, nilishinda 3, na promota wangu wa mwisho alinilipa soda moja na chapati mbili halafu akazima simu, kwa hiyo mnaelewa kwa nini sa hizi niko hapa naandika.

Mjomba shikamoo. Tulikua kwenye kibanda tunangoja mechi, wakaonyesha habari, kuna mzungu mmoja mrefu kama nguzo ya stima, jamaa mmoja akasema huyo ni bingwa wa dunia wa ngumi na sa hii ni meya. Tukabishana mpaka tukawekeana dau la elfu kumi. Nani kashinda? – Dereva wa boda, Arua

Marahaba mwanangu. Lipa hiyo elfu kumi kama ulikua upande wa kubisha. Huyo ni Vitali Klitschko, meya wa Kyiv, mji mkuu wa Ukraine, tangu 2014 mpaka leo. Urefu wake ni zaidi ya mita mbili, ndo maana unamuona anainama kila akiongea na mtu.

Kuzaliwa hakuzaliwa Ukraine, alizaliwa Julai 1971 kwenye kijiji huko ambako leo ni Kyrgyzstan, baba yake alikua mwanajeshi wa anga wa Sovieti na wanajeshi unajua wanavohamishwa hamishwa, leo huku kesho kule, nyie wa Bombo na Moroto mliozaliwa barakisi mnanielewa. Huyo mzee wake ni mmoja wa waliopelekwa kusafisha baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl 1986, alifariki kwa kansa 2011. Vitali alianza na kickboxing ndo akaingia kwenye ndondi. Na shule hakuacha, 2000 alipata udaktari wa sayansi ya michezo, ule wa kusomea kabisa, ndo lile jina la ulingoni la Dr. Ironfist, Daktari Ngumi ya Chuma.

Ana mdogo wake, Wladimir, naye bingwa wa uzito wa juu, wengi wenu mnawachanganya hawa wawili. Meya ni mkubwa.

Kochi wangu anasema huyo Klitschko alikua mwoga, eti aliwahi kukaa kwenye kiti akagoma kuendelea na pambano. Mbona mnamsifu? – Bondia chipukizi, Naguru

Kochi wako hajadanganya ila amekukatia hadithi katikati. Ngoja niimalizie maana hapa ndo utamu ulipo.

Vitali aliingia ndondi za kulipwa 1996, akiwa Ujerumani. Na hapo kwenye kuingia pana doa, mwaka huohuo alipimwa akakutwa na steroidi, zile dawa za kuongeza nguvu zilizokatazwa, yeye akasema ni dawa za kutibu mguu, lakini Olimpiki ya Atlanta akaikosa. Nafasi yake akapewa mdogo wake, na mdogo akarudi na dhahabu. Fikiria hiyo nyumba ilivokua siku ile, mmoja analia mmoja ana medali. Basi kwenye kulipwa akaanza kuangusha watu tu, Juni 1999 akaenda London akamlaza Herbie Hide raundi ya pili, akachukua mkanda wa WBO, moja ya mashirika ya ndondi ya dunia.

Sasa Aprili 2000, Berlin, anapigana na Chris Byrd, Mmarekani mdogo wa mwili, mjanja, anateleza kama kambale. Vitali anaongoza kwa pointi kwenye kadi zote tatu za majaji. Baada ya raundi ya 9 akarudi kwenye kona akakaa, akasema bega limekufa, siendelei. Kwisha. Mkanda ukaenda kwa Byrd. Na kweli bega lilikua limechanika ndani, lakini nani anakusikiliza, magazeti ya Marekani yakamuita mtu wa kukimbia, ndo hiyo stori ya kochi wako. Miezi michache baadae mdogo wake akaenda akamchapa Byrd, mkanda ukarudi kwenye familia, ila jina la mwoga likabaki kwa mkubwa.

Sasa sikiliza. Juni 2003, Los Angeles, bingwa wa dunia ni Lennox Lewis. Aliyekua apigane na Lewis kaumia, Vitali akaitwa kama wiki mbili tu kabla. Raundi ya pili Vitali akamtikisa Lewis, bingwa akayumba. Raundi ya tatu Lewis akampiga mkono wa kulia ukampasua juu ya jicho la kushoto, na sio mchubuko, ile nyama ilifunguka, kope ikawa inaning'inia, kila akipigwa damu inaruka mpaka kwa refa. Watu wa kona wanapaka, wanabana, raundi ikianza inafunguka tena. Akapigana hivohivo mpaka raundi ya sita ikaisha, na majaji wote watatu walikua wamempa 58 kwa 56. Hapo daktari akaja, akamwambia ainue kichwa, akaona ukiinua kichwa kope inashuka inafunika jicho, huoni ngumi. Akasimamisha pambano. Vitali akapiga kelele hapana, hapana, akawa anazunguka ulingo amenyoosha mikono juu, watu wanamzomea Lewis aliyeshinda! Nyuzi karibu 60 zilitumika kumshona. Hakuna aliyemuita mwoga tena baada ya usiku ule.

Lewis hakurudia pambano, alistaafu. Mkanda wake wa WBC, shirika jingine la ndondi, ukawa wazi, na Aprili 2004 Vitali akampiga Corrie Sanders wa Afrika Kusini, yule aliyekua amemuaibisha Wladimir mwaka mmoja nyuma. Rekodi yake yote ni ushindi 45, kati ya hizo 41 kabla ya kengele ya mwisho, kupoteza 2, na zote mbili ni hizo nilizokusimulia, bega na jicho. Chini hajawahi kuanguka kwenye ndondi za kulipwa. Mwambie kochi nimemsalimia.

Mzee naomba kuuliza, hao mabingwa wakistaafu wanapewa tu umeya kwa sababu ya jina? Sisi huku sokoni tunaona wasanii na wachezaji wakija na gari za kampeni, wanatupa fulana, kesho hawaonekani. – Mama wa nyanya, soko la Nakasero

Mama, hata mimi nilidhani hivo. Lakini huyu jina halikumsaidia mara ya kwanza, wala ya pili.

Mwisho wa 2005 goti lilimgomea akatangaza kustaafu, na miezi michache tu baadae, Machi 2006, akagombea umeya wa Kyiv. Watu wamejaa kwenye mikutano kumuona, wanapiga nae picha, siku ya kura akawa wa pili, akashindwa na tajiri mmoja wa benki anaitwa Leonid Chernovetsky. Wewe mama unajua hiyo, kujaa kwa mkutano sio kujaa kwa sanduku. Lakini hakukimbia, kundi lake lilipata viti barazani nae akakaa kama diwani, miaka anasikiliza mambo ya viwanja na mabomba. Mei 2008 akagombea tena, safari hii akarudi nyuma zaidi, wa tatu.

Na hapa nacheka kidogo. Mei wapiga kura wamemuangusha, Oktoba mwaka huohuo akarudi ulingoni, karibu miaka minne hajapigana, ana miaka 37, akakutana na Samuel Peter wa Nigeria ambae ndo alikua bingwa. Baada ya raundi ya 8 Peter akabaki kwenye kiti, akagoma kuendelea. Kwenye kiti! Kama yeye mwenyewe siku ile ya bega. Kwa hiyo kuna miaka jamaa alikua bingwa wa dunia na mwanasiasa kwa pamoja, asubuhi mkutano, jioni mazoezi. Chama chake kinaitwa UDAR, na kwa lugha yao udar ni konde, pigo. 2012 akapigana mara ya mwisho mwezi Septemba, Oktoba akachaguliwa mbunge.

Halafu ikaja ile baridi ya 2013 kuingia 2014, watu wamejaa uwanja wa Maidan katikati ya Kyiv wanampinga Rais Yanukovych. Kuna picha moja siisahau. Tarehe 19 Januari vijana wanarushiana na polisi, Vitali akaenda akasimama katikati awatenganishe, maana alijiamini, nani atamgusa mtu wa mita mbili? Mtu mmoja akachukua ile mitungi ya kuzima moto akampulizia usoni. Bingwa wa dunia akabaki ameduwaa, mweupe kichwa mpaka mabega kama mtu wa kinu cha posho, macho mekundu. Ngumi hakurusha. Mwezi Februari Yanukovych akakimbia nchi, Machi Vitali ambae alikua anautaka urais akamuachia Petro Poroshenko, na tarehe 25 Mei 2014 wakachaguliwa wote siku moja, yule Rais, huyu Meya. 2015 wakamrudisha, 2020 wakamrudisha tena raundi ya kwanza lakini kwa kubanwa, nusu na kidogo tu ya kura.

Kazi zake? Mama usitegemee nikwambie ni malaika. Wapo wanaomsifu kwa mabasi na bustani, wapo wanaolia na majengo yanayoota ovyo mpaka kwenye mji wa zamani. 2019 alifungua daraja la watembea kwa miguu lenye vioo chini, unatembea unaona barabara huko chini, na yeye mwenyewe akarukaruka juu ya kioo mbele ya kamera, kilo zaidi ya mia zile, kuonyesha ni imara. Siku chache tu baadae vioo vikaanza kupata nyufa, mji mzima ukacheka. Ila Oktoba 2022 kombora lilidondoka hapohapo jirani na daraja likabaki limesimama, wakaacha kucheka.

Mjomba, mimi ni diwani, chama changu hakikuhusu. Swali langu ni moja: huyo meya wa Kyiv ana nguvu ya kweli au ni kama hapa Kampala, unachaguliwa na watu halafu unakuta ofisi ina mwenyewe? – Diwani, Makindye

Mheshimiwa, hili swali ndo limenifanya nikanunue kahawa ya pili.

Pale Kyiv kuna kofia mbili. Ya kwanza ni umeya, hiyo watu wanakupa kwa kura. Ya pili ni mkuu wa utawala wa jiji, ndo mwenye idara, wafanyakazi, pesa za kila siku, na hiyo anateua Rais. Mahakama yao ya katiba ilishasema 2003 kwamba Rais amteue yuleyule aliyechaguliwa meya, na Vitali alipewa zote mbili Juni 2014. Lakini kofia ya kupewa inaweza kuvuliwa. Yule Chernovetsky aliyemshinda mara mbili alikuja kunyang'anywa hiyo ya pili 2010, Yanukovych akamuweka mtu wake, meya akabaki na cheo cha kukata utepe. 2019 Rais Zelensky alipoingia, serikali ilitaka kumfanyia Vitali hivohivo, baraza la mawaziri likakubali kabisa, mwisho wa siku haikusainiwa.

Halafu vita, Februari 2022. Vitali na mdogo wake hawakukimbia, hilo tuwape. Lakini vita ikaleta kofia ya tatu, utawala wa kijeshi wa jiji, na mkuu wake pia anateuliwa na Rais. Mwisho wa 2024 akateuliwa Tymur Tkachenko, na tangu hapo ni mvutano wa wazi, kila mmoja anamsema mwenzake hadharani, barua huku, majibu kule. Na uchaguzi haufanyiki kwa sababu sheria ya vita inaukataza, kwa hiyo hakuna wa kuamua kati yao.

Sasa nikupe kitu kimoja kidogo lakini kinauma. Tarehe 1 Juni 2023 alfajiri makombora yanakuja, watu wakakimbilia kituo cha afya ambako kuna handaki la kujificha. Mlango umefungwa. Wanagonga, hakuna anaefungua. Vipande vya kombora vikawakuta hapo nje, wakafa watatu, mmoja ni mtoto wa miaka 9 pamoja na mama yake. Mji ukawaka. Zelensky akaulaumu uongozi wa jiji, Vitali akasema kuna lawama yangu ndiyo, lakini wakuu wa wilaya za mji siwateui mimi, anawateua Rais. Mheshimiwa, wote wawili walikua wanasema kweli kwa namna yao, na funguo ya ule mlango haikua na mtu.

Hapa kwetu unakujua kuliko mimi. Sheria ya KCCA, yaani mamlaka ya jiji la Kampala, ya 2010 iliitoa Kampala kwenye halmashauri ikaiweka chini ya serikali kuu, Lodi Meya anachaguliwa, mkurugenzi mtendaji anateuliwa na Rais, na juu yao kuna waziri. Erias Lukwago aliingia 2011 kama Lodi Meya, mwaka huohuo akaingia Jennifer Musisi kama mkurugenzi, na mvutano wao tuliuona wote. Novemba 2013 madiwani wakapiga kura kumng'oa Lukwago, kesi juu ya kesi, wananchi wakamrudisha 2016 na 2021. Na taka za dampo la jiji la Kiteezi ziliporomoka Agosti 2024, watu zaidi ya 30 wakafukiwa, aliyewafuta kazi wakubwa wa KCCA alikua Rais, sio Lodi Meya. Ukipanda taxi Old Park ukauliza abiria nani anaongoza Kampala, utapata majibu manne kabla hamjafika Wandegeya.

Mi naona tofauti ni hii tu, Vitali alipewa kofia zote mbili siku ya kwanza akapata miaka ya kuzoea kuwa nazo, ndo maana sa hizi kila anapoguswa anapiga kelele. Lodi Meya wetu hajawahi kuishika ile ya pili hata kwa wiki.

Kuna wachezaji wengine waliokua mameya? Nina mjadala na wanafunzi wangu. – Mwalimu, Kasese

Wapo mwalimu, haraka haraka. Kakha Kaladze, yule beki wa AC Milan aliyebeba Ligi ya Mabingwa 2003 na 2007, ni meya wa Tbilisi huko Georgia tangu 2017, alianzia kwenye uwaziri wa nishati 2012. Dave Bing wa mpira wa kikapu, nyota wa Detroit Pistons, jicho moja liliumia utotoni na bado akawa mfungaji bora wa NBA, akastaafu, akafungua kampuni ya chuma 1980, akawa meya wa Detroit 2009. Huyo nae uliza kilichompata: Machi 2013 gavana akaleta msimamizi wa dharura akachukua mamlaka yote, Julai jiji likatangaza kufilisika na madeni kama dola bilioni 18, Bing yupo ofisini anaangalia. Mheshimiwa wa Makindye asome na hili.

Upande wetu wa Afrika Mashariki nawajua wabunge zaidi kuliko mameya, Wesley Korir wa Kenya alishinda marathon ya Boston 2012, mwaka uliofuata akaingia bungeni. Na bondia Ikulu sisi Uganda tulishakua nae, Idi Amin alikua bingwa wa ndondi wa nchi miaka ya 50. Wanafunzi wakiuliza ilikuaje, hiyo ni somo la historia mwalimu, sio ukurasa wangu.

Nimeona watu wanamcheka anavoongea. Hajui lugha ya kwao? Mimi nikiongea Kiswahili hapa ofisini wananicheka pia. – Dada wa Masaka

Pole dadangu. Huyo alikulia kambi za jeshi la Sovieti, nyumbani Kirusi, Kiukraine amekuja kukikazania akiwa mtu mzima tayari mwanasiasa, mbele ya kamera. Sentensi inaanza vizuri, inafika katikati inajifunga miguu. Kuna moja maarufu, alitaka kusema si kila mtu anaweza kuiona kesho, akajirekebisha, ikatoka kitu kama "sio wote tu wanaoweza", mpaka leo watu wanaichapa kwenye fulana na vichekesho. Na bado wamemchagua mara tatu. We ongea Kiswahili chako dada, hao wanaokucheka waambie wao waseme sentensi tatu bila kuchanganya Luganda na Kiingereza tuone.

La mwisho Mjomba: Vitali na Wladimir wangepigana nani angeshinda? – Wale wa kibanda, Arua

Nyie tena! Hawakupigana kwa sababu walimuahidi mama yao, na promota waliweka mezani pesa za kutisha wakakataa, kwa miaka wakawa wameshika mikanda karibu yote ya uzito wa juu kati yao wawili bila kugusana. Mi ningeweka elfu kumi kwa mkubwa. Wladimir alikua na ufundi zaidi lakini kidevu chake kilikua kinanipa presha, na Vitali hata Lewis hakumlaza. Ila msinitumie hilo dau, bado nadaiwa chapati.